Neno Hutangulia Tarakimu: Kiswahili, Zana za Kidijitali na Utafiti wa Kufufuka kwa Uchumi baada ya Vita katika Katumba na Mishamo, Mkoani Katavi



1. Utangulizi

Naanza kwa kutoa shukrani kwa heshima niliyopewa ya kusimama mbele ya hadhira hii. Baadhi yenu mlipoisoma mada ya mhadhara huu mlijiuliza, na kwa haki, mtu wa isimujamii anatafuta nini katika uwanja wa wanauchumi na mafundi wa kompyuta. Jibu langu ni fupi. Kila takwimu inayohusu maisha ya watu, kabla ya kuwa tarakimu, ilikuwa sentensi. Mtu mmoja aliitunga, mwingine aliitafsiri, wa tatu aliisoma kwa sauti mlangoni mwa nyumba, na wa nne aliijibu kwa jinsi alivyoielewa. Katika nchi yetu sentensi hiyo aghalabu ni ya Kiswahili. Kwa hiyo kosa la Kiswahili katika hojaji huzaa kosa katika uchumi, na kosa hilo halionekani tena pindi likishavaa vazi la asilimia.

Hoja yangu ni kwamba zana za kidijitali, ambazo zimeleta faida nyingi katika utafiti wa jamii zilizopitia vita, zimeongeza pia uzito wa neno moja moja la Kiswahili kuliko ilivyokuwa enzi za karatasi na kalamu. Nitaijenga hoja hii kwa kutazama mahali pamoja, yaani makazi ya Katumba na Mishamo katika eneo ambalo kwa miaka mingi liliitwa Wilaya ya Mpanda, na ambalo leo ni Mkoa wa Katavi.

2. Mahali na historia yake

Mpanda haukuwa mji wa vita. Wenyeji wa eneo hilo ni Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na majirani zao. Katika zama za ukoloni wa Mwingereza yaligunduliwa madini ya risasi, na reli ikajengwa kutoka Kaliua ili kuyasafirisha. Mgodi ule ulikufa, lakini reli ilibaki, nayo ndiyo iliyokuja kupita karibu na makazi ya watu ambao hawakuja kwa ajili ya madini.

Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa nchini Burundi. Maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao Wahutu, walivuka mpaka na kuingia Tanzania. Serikali, ikishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi pamoja na shirika la Kikristo la huduma kwa wakimbizi lililojulikana kwa ufupisho wa TCRS, iliwapangia makazi matatu: Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati Ulyankulu ilipokuwa imefurika. Watu walipewa ardhi, wakafyeka misitu ya miombo, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Watoto wao walisoma katika shule zilizofuata mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili. Hatimaye misaada ya chakula ilikoma, na makazi yakawa yanajilisha na kuuza ziada.

Mkataba wa Amani wa Arusha kuhusu Burundi ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na mwaka 2005 Burundi ikapata serikali mpya kwa njia ya uchaguzi. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na Shirika la Wakimbizi walianza mpango wa kuhitimisha ukimbizi wa watu wa 1972. Walioandikishwa katika makazi matatu walikuwa takriban 218,000, na kila mmoja alitakiwa kuchagua baina ya kurejea Burundi na kuomba uraia wa Tanzania. Takriban wanne kati ya watano walichagua uraia. Zaidi ya watu 53,000 walirejea Burundi, na zaidi ya 162,000 walikubaliwa kuwa raia mwaka 2010, ingawa vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Baina ya miaka hiyo palikuwa na mpango wa kuwahamishia raia hao katika mikoa mingine. Mpango huo ulisitishwa mwaka 2011, na hatimaye wakaruhusiwa kubaki walipokuwa.

Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulizaliwa kwa kumegwa kutoka Rukwa. Leo Katumba imo katika Halmashauri ya Nsimbo na Mishamo imo katika Wilaya ya Tanganyika. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika mkoa huo. Ile ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Ni ongezeko la wastani wa asilimia 7.1 kwa mwaka, wakati la taifa zima ni asilimia 3.2.

Nimeieleza historia hii kwa sababu inapindua dhana moja iliyozoeleka. Tunaposema uchumi wa baada ya vita, fikra zetu huiendea nchi iliyopigana: madaraja yaliyovunjika, mashamba yaliyotelekezwa, benki zilizofungwa. Lakini uchumi wa watu wa 1972 haukufufukia Burundi. Ulifufukia Mpanda. Anayetaka kuelewa jinsi watu walivyojenga upya maisha baada ya maangamizi yale hana budi kuuliza maswali yake Katumba na Mishamo pia, na kuyauliza kwa Kiswahili.

3. Zana zenyewe na namna zifanyavyo kazi

Kwa miaka mingi mtafiti wa jamii alibeba daftari. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na mjini Kigoma katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995, alikusanya masimulizi marefu. Matokeo yake yanajulikana na wengi humu. Watu wa Mishamo walijiita wakimbizi kwa fahari na kuisimulia historia yao kwa umbo moja la pamoja, ilhali wenzao waliokaa Kigoma mjini walilikwepa jina hilo na kujichanganya na wenyeji. Tujiulize: matokeo kama hayo yangepatikana kwa swali la kuchagua ‘ndiyo’ au ‘hapana’?

Miaka ya karibuni daftari limepisha zana nyingine. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani kilianza kutengeneza programu za bure za kukusanyia data kwa simu, zinazojulikana kwa ufupisho wa ODK. Phuong Pham na Patrick Vinck wa Chuo Kikuu cha Harvard, waliofanya tafiti za jamii zilizopitia vita kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo, waliasisi programu ya KoboToolbox, ambayo leo hutumiwa na mashirika mengi ya misaada duniani. Hapa nchini shirika la Twaweza lilianza mwaka 2013 kuwahoji wananchi kwa simu za mkononi kupitia mpango wa Sauti za Wananchi. Kisha tarehe 23 Agosti 2022 ikaanza Sensa ya Watu na Makazi, ya sita tangu uhuru na ya kwanza nchini kutumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Sensa hiyo ndiyo iliyolipeleka neno lenyewe ‘kishikwambi’ katika kila kijiji, jambo ambalo wanaistilahi wetu wanapaswa kulifurahia.

Faida za zana hizi si za kubishaniwa. Data hufika makao makuu siku ile ile. Hakuna karani wa pili wa kunakili tarakimu kutoka karatasi na kukosea. Kifaa hurekodi saa ya mahojiano, na kwa msaada wa setilaiti huonyesha mahali yalipofanyika, kiasi kwamba ni vigumu kwa mdadisi kukaa chini ya mwembe na kujibuni majibu. Programu hukataa jibu lisilowezekana, kwa mfano mama mwenye umri wa miaka kumi na watoto sita. Huruka maswali yasiyomhusu mhojiwa. Mkoa wa Katavi ni mpana, barabara zake ni ngumu masika, na vijiji vyake viko mbalimbali. Katika mkoa kama huo manufaa haya ni makubwa.

Lakini tuzitazame kanuni zilizo ndani ya kifaa. Ya kwanza ni orodha funge: majibu yameandikwa kabla, na kila jibu lina namba yake. Ya pili ni ulazima: mdadisi hawezi kusonga mbele bila kujaza. Ya tatu ni mruko: jibu moja hufungua au hufunga mlango wa maswali kumi yanayofuata. Ya nne ni ubadilishaji: magunia hugeuzwa kilo na ekari hugeuzwa hekta pasi na mtu kutazama.

Enzi za karatasi mdadisi aliyetatizwa aliandika maneno mawili pembeni: ‘anasema shamba ni la kaka yake aliyebaki Burundi’, au ‘hakubali kuitwa mkimbizi’. Msimamizi aliyasoma maneno hayo, na mara nyingi hojaji ilirekebishwa kwa sababu yake. Kishikwambi hakina pambizo. Hata pale palipoachwa nafasi ya ‘nyingine, taja’, mdadisi mwenye kaya kadhaa za kumaliza kabla ya jua kuchwa haitumii ila kwa shida. Ndiyo maana nasema kwamba uzito wa neno umeongezeka: neno lililochaguliwa ofisini, kabla ya safari, halina tena mahali pa kusahihishwa na mhojiwa.

4. Maneno yanayoamua hesabu

4.1 Vita

Tuchukue swali ambalo ni la kawaida kabisa katika tafiti za aina hii: ‘Kabla ya vita, kaya yako ilikuwa na shamba la ukubwa gani?’ Kwa Kiswahili sanifu sentensi haina kasoro. Lakini vita gani? Matukio ya 1972 Warundi wengi huyaita *ikiza*, yaani balaa au janga. Neno la vita, *intambara*, huelekezwa zaidi kwenye mapigano yaliyoanza mwaka 1993. Mzee aliyekimbia akiwa kijana mwaka 1972 anaweza kujibu kwa kufikiria shamba la baba yake, au shamba lake la Katumba mwaka 1993, au anaweza kusema hakuwahi kuwa katika vita. Na mjukuu wake aliyezaliwa Katumba mwaka 1990 hana ‘kabla’ yoyote. Kishikwambi kitapokea majibu yote matatu, kitayajumlisha, na kutoa wastani. Wastani huo utakuwa wa vitu vitatu tofauti.

4.2 Kurudi

Kitenzi ‘kurudi’ kinadai mahali ulipokuwa kabla. Kati ya watu zaidi ya 53,000 waliokwenda Burundi chini ya mpango ule, wengi walizaliwa Tanzania. Kwao safari ile ilikuwa ya kwanza. Hata hivyo ripoti huwaita ‘waliorudi’, na hojaji huwauliza ‘Tangu uliporudi nyumbani, hali yako ya uchumi imeboreka?’ Swali hili limekwisha amua kwamba nyumbani ni Burundi. Mtu aliyeacha nyumba ya bati Mishamo akakuta huko Rumonge au Nyanza-Lac shamba la babu yake linalimwa na mwingine atajibu nini? Mgogoro wa ardhi za watu wa 1972 katika ukanda wa Ziwa Tanganyika ulikuwa mzito kiasi cha Burundi kuunda tume maalumu ya ardhi mwaka 2006.

Hapo Kirundi kinatufundisha jambo. Shamba la urithi la ukoo huitwa *itongo*, nalo hubaki kuwa la ukoo hata wenyewe wakiwa mbali. Kiswahili kina neno *mahame*, mahali palipohamwa na kuachwa. Mtafsiri akiandika ‘shamba lililoachwa’ amelitazama shamba kwa jicho la mahame. Mhojiwa anajibu kwa jicho la *itongo*. Mmoja anauliza habari za mali iliyopotea, mwingine anazungumzia mali iliyo mikononi mwa mtu asiye haki.

4.3 Mkimbizi, raia mpya, makazi

Baada ya uraia lilizuka jina ‘raia wapya’. Ni jina la nia njema, lakini lina muda wake. Mtu aliyezaliwa Katumba, akasoma Katumba, akazaa Katumba, ni mpya hadi lini? Katika orodha funge yenye chaguo la ‘raia’, la ‘raia mpya’ na la ‘mkimbizi’, raia huyu hulazimika kujitenga na jirani yake ambaye sheria haimtenganishi naye. Tukumbuke kwamba sensa za Tanzania hazijauliza kabila tangu ile ya 1967. Taifa liliona busara katika kutouliza. Haifai chaguo la kishikwambi kurudisha kwa mlango wa nyuma mpaka ambao sensa yenyewe imeukataa.

Neno ‘makazi’ lina tatizo la aina nyingine. Katika jina la Sensa ya Watu na Makazi maana yake ni nyumba na majengo ambamo watu huishi. Katumba na Mishamo, kwa nusu karne, ‘makazi’ limekuwa jina la eneo lililowekwa kisheria kwa ajili ya wakimbizi, lenye mkuu wake wa makazi na vibali vyake vya kutoka. Mdadisi anaposema ‘Nimekuja kuuliza habari za makazi yako’, msikilizaji anaweza kusikia swali kuhusu haki yake ya kuendelea kuishi pale. Ikiwa swali hilo linaulizwa katika jamii iliyowahi kuambiwa kwamba itahamishwa, jibu litakuwa la tahadhari. Mtu hatataja ng’ombe wake wote wala ekari zake zote. Mchumi atasoma umaskini mahali palipo na woga.

Nalo neno ‘kaya’ lina safari ndefu. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya ni makao ya kale yenye utakatifu ndani ya msitu, na kaya hizo ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi kaya ni nyumbani, ni boma. Kwa mtakwimu ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Kwa mzungumzaji wa Kirundi maana iliyo karibu ni *urugo*, boma la mume na mke, lakini wanaotegemeana kwa chakula, mbegu na karo wanaweza kuwa *umuryango* mzima ulioenea katika maboma kadhaa. Ni yupi basi aliyefufuka kiuchumi baada ya vita: *urugo* au *umuryango*? Jibu la swali hili hubadilisha picha yote ya nani tajiri na nani maskini.

4.4 Kazi na gunia

Muulize mwanamke wa Mishamo: ‘Una kazi?’ Atakujibu: ‘Sina kazi, nalima tu.’ Kanuni ya mruko itafunga papo hapo maswali yote ya saa za kazi na kipato, na mwanamke aliyeilisha familia kwa miaka thelathini ataingia katika kumbukumbu kama asiye na kazi. Tatizo hili wanatakwimu wanalijua, na hojaji nzuri huuliza: ‘Siku saba zilizopita ulifanya shughuli gani?’ Lakini tafsiri za haraka huendelea kulirudia swali la kwanza kwa sababu ndilo fupi.

Kisha gunia. Kifaa hubadili gunia kuwa kilo mia moja. Kila mtu aliyenunua mahindi au viazi shambani anaijua *lumbesa*, gunia lililoongezewa kichwa hadi likapita kipimo, ambalo mamlaka za vipimo zimelipiga marufuku mara nyingi na bado halijaisha. Mkulima anayeuza magunia ishirini ya lumbesa ametoa mahindi zaidi ya kilo elfu mbili, akalipwa kama wa elfu mbili. Kifaa kinachoandika ‘magunia 20 = kilo 2000’ hupunguza mavuno yake na wakati huo huo huficha dhuluma aliyotendewa sokoni. Dawa ya kasoro hii ni ndogo: swali moja zaidi, ‘gunia la kipimo au lumbesa?’ Lakini swali hilo haliwezi kutungwa na asiyelijua neno.

5. Masikio ya mashine

Yapo matumaini kwamba tutaondokana na orodha funge kwa kurekodi sauti na kuiachia kompyuta kazi ya kuandika. Teknolojia ya kutambua usemi wa Kiswahili imepiga hatua, na mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla umekusanya sauti za Kiswahili zilizotolewa na watu wa kujitolea. Ni jambo jema. Hata hivyo hatuna budi kuuliza mashine imefunzwa kwa Kiswahili cha nani. Kiswahili cha mzee wa Katumba kina athari za Kirundi katika matamshi na katika upatanisho wa ngeli, na huchanganya msimbo pale ambapo Kiswahili hakimtoshelezi: atasema *ikiza*, atasema *itongo*. Hayo ndiyo maneno yenye thamani kubwa kwa mtafiti, na ndiyo mashine itakayoyakosea kwanza, kwa kuyageuza kuwa neno lolote la Kiswahili lifananalo nayo.

Kinyarwanda, ambacho husikilizana sana na Kirundi, kina mojawapo ya hazina kubwa za sauti katika mradi huo. Hilo linatuonyesha kwamba ukosefu wa data kwa lugha zetu si maumbile. Ni kazi ambayo haijafanywa. Vyuo vikuu vyetu vingeweza kuifanya, kwa ridhaa ya wasemaji, kwa kuhifadhi usemi wa watu wa Katavi pamoja na manukuu yaliyohakikiwa na wasemaji wenyewe.

6. Siri na ridhaa

Zana inayojua mahali pa kila nyumba ni zana yenye nguvu. Kwa watu ambao majina yao yaliwahi kuwa sababu ya kuuawa, nguvu hiyo si jambo dogo. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Sheria ni msingi, lakini ridhaa ya mtafitiwa haipatikani kwa sheria peke yake. Hupatikana kwa lugha anayoielewa. Fomu nyingi za ridhaa ni tafsiri za Kiingereza cha kisheria. Zimejaa maneno kama ‘usiri wa taarifa utazingatiwa’, pasipo kusema wazi nani ataona, zitakaa wapi, na mtu afanye nini akibadili mawazo. Mtu akitia kidole gumba chini ya maneno asiyoyaelewa, amekubali nini?

Kwa Kiswahili cha kawaida ridhaa inaweza kuelezwa hivi: ‘Nitaandika majibu yako humu. Jina lako sitaliandika. Mahali pa nyumba yako patafutwa kabla majibu hayajatoka kwetu. Swali usilolitaka usilijibu. Ukikataa, hakuna kitakachobadilika katika ardhi yako wala uraia wako.’ Sentensi hii ya mwisho, katika Katumba na Mishamo, ni ya lazima. Na anayeisema awe na uhakika kwamba ni kweli.

7. Mapendekezo

Ndugu Mwenyekiti, naomba nitoe mapendekezo manne.

Kwanza, hojaji ya kidijitali inayokusudiwa kwa wasemaji wa Kiswahili itungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo. Palipo na ulazima wa kutafsiri, mtaalamu wa lugha awe mmoja wa watafiti. Asiitwe siku mbili kabla ya safari kusahihisha tahajia.

Pili, Baraza la Kiswahili la Taifa, taasisi zetu za taaluma za Kiswahili na Ofisi ya Taifa ya Takwimu zishirikiane kutayarisha faharasa ya istilahi za tafiti za kaya na uchumi, yenye maana za kitakwimu pamoja na maana za mahali: kaya na *urugo*, gunia na lumbesa, akiba ya benki na akiba ya kikoba. Faharasa hiyo iwekwe ndani ya kishikwambi ili mdadisi aifungue anapokwama.

Tatu, pambizo lirudishwe. Programu hizi zina uwezo wa kurekodi sauti na kuruhusu maelezo mafupi kila swali. Uwezo huo utumike, na maelezo hayo yasomwe kila jioni katika wiki ya kwanza ya utafiti, wakati bado inawezekana kurekebisha maswali.

Nne, matokeo yarudi yalikotoka. Kasi ya zana hizi, ambayo tunaisifu, hutumika kupeleka data Dar es Salaam, Geneva na Washington. Itumike pia kuwarejeshea wana Katumba na Mishamo kile walichokisema, kwa Kiswahili, katika mkutano wa kijiji, ili waseme kama ndicho.

8. Hitimisho

Zana nilizozizungumzia hazina uadui na watu. Zimewezesha mkoa wa mbali kama Katavi kuhesabiwa kwa kasi na usahihi ambao kizazi kilichotutangulia hakikuujua. Lakini usahihi wa kuhesabu haufidii kosa la kuita. Watu wa 1972 wameitwa kwa majina mengi: wakimbizi, wakazi wa makazi, waombaji uraia, raia wapya. Kila jina lilifungua mlango mmoja na kufunga mwingine, na mara nyingi waliitwa bila kuulizwa. Katika miaka ijayo watafiti wengi zaidi wataingia Nsimbo na Mishamo wakiwa na vishikwambi, wakitaka kujua jinsi jamii iliyovunjwa na maangamizi ilivyosimama tena kwa jembe. Maarifa hayo yatahitajika pengine: mashariki mwa Kongo, na katika kambi za Kigoma ambako wengine walikimbilia tangu 2015.

Wanafunzi wa Kiswahili, kazi hii ni yenu. Mmezoea kuambiwa kwamba ajira ya msomi wa lugha ni kufundisha au kuhariri. Ipo na hii: kukaa mezani na mchumi na mtunga programu kabla ya swali la kwanza kuandikwa, na kumwuliza, ‘Hapa unaposema vita, unakusudia vita gani?’